Kijani cha Ukuta wa Pili

Fundi rangi mmoja alijulikana mtaani kwa jina la Jicho, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wauza rangi waliochoka kumwonyesha vibao vya mfano vya kiwandani, maana yeye akishaona kitu mara moja, kiwe kitambaa, kigae au ganda la yai, hukoroga rangi ndooni mpaka ifanane nacho, na ukiweka kimoja juu ya kingine huoni mpaka. Kwa miaka ishirini na mitano hakuwahi kurudishiwa kazi. Lakini sifa nazo zina ulevi wake. Jicho alikuwa amefika mahali ambapo mtu asipomsifu, alijiona kama ameibiwa.

Alifanya kazi na mume wa dada yake mdogo. Huyu watu walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuna alichokifanya kwa pupa. Brashi zake alizipanga kwa ukubwa, mdomo wa ndoo aliupangusa kabla ya kuifunga, na ngazi aliitikisa mara tatu kabla ya kuipanda. Jicho alikuwa akimtania kwamba siku yake ikifika, mtoa roho atalazimika kungoja nje mpaka shemeji amalize kufunga kamba za viatu. Taratibu alicheka tu. Miaka kumi na mmoja walikwenda hivyo, mmoja akichanganya na mwingine akipaka, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuamua ugomvi kati yao.

Ikatokea kazi ya ukumbi wa maigizo uliokuwa ukikarabatiwa. Mkuu wa ukumbi, mama mmoja mwenye sauti ya chini na miwani iliyoning'inia kifuani, alichuma jani kwenye mti wa getini akamkabidhi Jicho mkononi. Akamwambia anataka kuta mbili za pembeni ziwe hivyo hasa, si kijani cha shule wala kijani cha hospitali.

Kwa ukuta wa kwanza Jicho alitumia unga wa kijani uliotoka kiwandani, ule ambao ni kijani tangu kuzaliwa kwake, akautia nyeupe kidogo tu. Ukakaa vizuri sana. Kisha unga ukaisha, na muuzaji akasema mwingine utafika baada ya wiki tatu, ilhali ufunguzi ulikuwa umebakiza siku tisa. Jicho hakuona tabu. Alichukua njano na buluu, akadondoshea tone la nyekundu ili kijani kisimeremete mno, akakoroga, akapaka kibao na kukipeleka mlangoni penye jua. Akakiweka sambamba na kibao cha ukuta wa kwanza. Vilikuwa mapacha. Akawaita maseremala waje waone, akavichanganya nyuma ya mgongo na kuwataka waseme kipi ni kipi, na wote wakashindwa.

Aliyesema neno ni Taratibu peke yake. Alisema ukumbi ule hauna hata dirisha moja, kwa hiyo rangi yake itaishi chini ya taa maisha yake yote. Sasa kwa nini wasikae na hivyo vibao mpaka taa zifungwe, wavijaribu huko? Jicho akamjibu mbele ya maseremala kwamba kijani ni mtoto wa njano na buluu, na mtoto habadiliki sura kwa sababu amehamia chumba kingine. Watu wakacheka. Taratibu akachukua rola lake akaenda. Siku hiyo Jicho alikuwa na kazi nyingine ng'ambo ya pili ya mji, kwa hiyo ukuta wa pili wote, kuanzia darini hadi sakafuni, ulipakwa kwa mkono wa Taratibu.

Taa zilichelewa. Zilifungwa siku ya mwisho, kuta zikiwa bado zimefunikwa plastiki kwa ajili ya vumbi la maseremala. Plastiki ikaondolewa asubuhi ya ufunguzi, milango yote ikiwa wazi na jua likimwagika ndani, na kila aliyepita akasema kuta ni nzuri.

Saa tisa alasiri watu mia mbili walikuwa wameketi. Milango ikafungwa, taa kubwa zikawashwa kwa mara ya kwanza. Ukuta wa kushoto ukawaka kama jani lililonyeshewa usiku kucha. Ukuta wa kulia ukawa kahawia, rangi ya majani ya chai yaliyosahaulika birikani.

Minong'ono ikaanza nyuma ikaja mbele. Mtu mmoja akacheka, kisha wa pili. Mkuu wa ukumbi akavaa miwani yake, akautazama ukuta, akamtazama Jicho aliyekuwa amekalishwa mstari wa mbele pamoja na mafundi wengine ili apigiwe makofi. Hakumkaripia. Aliuliza tu, "Fundi, hii ni nini?"

Jicho alihisi damu imempanda mpaka masikioni. Alisimama, na kabla akili haijafika, ulimi ulikwisha kutangulia.

"Ukuta ule sikuupaka mimi," alisema, na mkono wake ukanyooka kumwelekea Taratibu aliyeketi viti viwili kutoka pale alipokuwa. "Aliupaka huyu. Mimi nilimwachia ndoo za rangi nzuri. Muulizeni rangi yangu ameipeleka wapi, na hayo matope ameyatoa wapi."

Taratibu alimtazama kwa muda, uso wake ukiwa wa mtu anayesubiri sentensi iishe. Ilipoonekana kwamba imekwisha, alichukua kofia yake chini ya kiti, akasema "Samahanini" kwa wale aliowapita magotini, akatoka. Wala hakujitetea, na watu wakalichukua hilo kuwa ushahidi.

Unga wa kiwandani ulipofika, Jicho aliurudia ukuta wa pili mwenyewe, na safari hii taa zilipowashwa kuta zikawa ndugu. Hapo kesi ikafungwa kabisa. Fundi mwaminifu amepaka, ukuta umetakata. Mwizi alipaka, ukuta ukaoza. Nani angehitaji maelezo zaidi?

Kuna jambo moja ambalo Jicho hakumwambia mtu, hata mke wake. Siku ile ya kurudia ukuta alikuta stoo nusu ndoo ya ule mchanganyiko wake wa njano na buluu, umefunikwa vizuri, mdomo wa ndoo umepanguswa. Ilikuwa rahisi kupaka kidogo kwenye kibao na kukiingiza ndani ya taa. Alisimama na ile ndoo kwa muda. Kisha akaipeleka nyuma ya jengo akaimwaga mferejini, akasukumia maji mpaka mfereji ukawa mweupe. Ikiwa wangemuuliza kwa nini, angesema anasafisha stoo. Ukweli ni kwamba hakutaka kujua.

Habari ya fundi aliyeiba rangi ilisambaa, na Jicho mwenyewe alisaidia kuisambaza. Kila alipoisimulia aliiongezea chumvi. Mara Taratibu ameonekana na ndoo kichakani, mara alikuwa na mazoea hayo siku nyingi ila yeye alimfichia kwa ajili ya dada. Hakuna aliyemwita Taratibu tena kumpakia hata mlango wa choo. Akaishia kiwanda cha matofali, akibeba matofali mabichi kuyapeleka tanuruni. Dada mtu hakuja kugombana. Alituma ujumbe mara moja tu: kwamba mlango wake haujafungwa, lakini kaka asije mikono mitupu, aje na neno la kweli.

Jicho hakwenda. Miaka miwili ikapita.

Bomba likapasuka darini mwa ule ukumbi, maji yakachubua ukuta wa kushoto mahali palipokuwa kama upana wa mlango. Jicho akaitwa kuziba. Kwa kuwa ni kazi ya kiraka, hakuona haja ya kuagiza unga wa kiwandani. Alikoroga njano na buluu na lile tone la nyekundu, mkono wake ukikumbuka wenyewe, akalinganisha mlangoni penye jua, akapaka, akasubiri ikauke. Fundi wa taa, binti mmoja mrefu aliyeajiriwa mwaka uliotangulia, alikuwa juu akijaribu vyombo vyake kwa ajili ya igizo la jioni. Akafunga mlango ili apate giza, akawasha.

Kiraka kikaruka mbele ya ukuta kama doa la chai. Kahawia. Kahawia ileile.

Jicho alikaa chini kwenye ngazi yake. Aliuliza, kwa sauti ambayo binti aliisikia kwa shida, kama amebadilisha taa. Binti akasema hapana, ni zilezile tangu ufunguzi. Akashuka, akasogea karibu na kiraka, akatabasamu kama mtu aliyekutana na kitu alichokisoma tu.

"Mzee, hiki umekichanganya kwa buluu, siyo?"

"Njano na buluu. Kijani hutengenezwa hivyo."

"Ndooni ndiyo," binti alisema. "Lakini rangi haikai ukutani, mzee wangu. Inategemea mwanga unaoipiga. Buluu yako ina wekundu umejificha ndani. Jua lina kila kitu kwa kipimo, kwa hiyo huuoni. Taa hizi zina wekundu mwingi, zinauita, unatoka. Ule wa kiwandani hauna wekundu wa kuitwa."

Labda alidhani mzee hajaelewa, maana alimwomba atazame jukwaani. Akawasha taa nyekundu moja na ya kijani moja, akazielekeza pamoja kwenye pazia jeupe. Zilipokutana, pazia likawa la njano, njano safi kama ua. Binti akaeleza kwamba kwenye mwanga kijani hakichanganywi na mtu; ni mzazi, si mtoto, na njano ndiyo mtoto wake. Na lile jani la getini, alisema, wala halina mambo ya kuchanganya. Linakula wekundu na ubuluu wa jua kwa ajili ya kuishi, na kijani ndicho linachokirudisha, kama mtu anayetema asichokihitaji. Alikuwa akifurahia kufundisha. Hakujua anaongea na nani, wala alichokuwa akikibomoa.

Jicho alitazama pazia lile la njano, na kilichomjia hakikuwa mshangao. Laiti kingekuwa mshangao! Aliyegundua leo ana udhuru. Kilichomjia ni ile ndoo na mfereji, na maji yakikimbia kijani halafu meupe. Alikuwa amejua. Si kwa kichwa chote, lakini kwa ile nusu ambayo mtu huisukumia uvunguni na kuiwekea sanduku juu.

Aliomba ruhusa, akakusanya vyombo vyake na kuondoka bila kuosha brashi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

Ilimchukua siku nne kufika kwa dada yake. Siku ya kwanza alifika mpaka duka la kona akarudi. Siku ya pili alijiambia atatuma ujumbe. Siku ya tatu aliumwa kichwa kweli. Siku ya nne, Jumapili mchana, alibisha hodi.

Dada alifungua, akamtazama mikononi kwanza, kana kwamba neno la kweli hubebwa kwenye mfuko. Hakusema karibu. Alisogea pembeni tu. Taratibu alikuwa sebuleni, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anajipaka mafuta viganjani. Viganja vilikuwa vimepasuka kwa joto la matofali, mistari yake imejaa vumbi jekundu lisilotoka. Mikono ile Jicho aliijua ikiwa inashika brashi nyembamba na kuvuta mstari wa mita tatu usiotetemeka. Akakosa pa kuweka macho.

Alisimulia yote akiwa amesimama: kiraka, taa, maneno ya binti. Akasema rangi ya ukuta wa pili alichanganya yeye, kosa ni lake, na Taratibu hakuiba hata tone. Taratibu alimaliza kiganja kimoja akahamia kingine.

"Nilijua," alisema.

"Tangu lini, shemeji?"

"Jioni ileile ya ufunguzi. Shati langu la kazi lilikuwa na matone ya kuta zote mbili. Nililitandaza hapa, chini ya hiyo taa. Tone moja kijani, tone moja kahawia."

Jicho akamuuliza, na alipouliza alisikia jinsi swali lilivyokuwa la aibu, kwa nini basi hakuja kumwambia.

"Nilikuja," Taratibu alisema. "Kesho yake, na lile shati kwenye mfuko. Nilifika mpaka ukutani kwako. Ulikuwa barazani na majirani, unawahadithia. Ulifika pale pa ndoo kichakani. Walikuwa wanacheka sana, shemeji. Nikaona nitaingiaje?"

Jicho alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini sakafu ya sebule ile ilikuwa ya saruji ngumu. Akafungua kinywa kuomba msamaha, kisha akaona kwamba msamaha peke yake ungekuwa kufuta vumbi na kuacha ufa. Kwa hiyo akalitoa na lile la ndoo: kwamba aliikuta stoo, kwamba angeweza kujaribu, kwamba aliimwaga. Hilo hawakuwa wakilijua. Dada yake, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, ndipo alipokaa.

"Hilo ungeweza kunificha mpaka kufa," alisema.

"Ningeweza, dada."

"Uliyasema mbele za watu, kaka. Kayaseme mbele za watu." Hakupandisha sauti. "Hapa sebuleni sisi tulikuwa tunamjua huyu. Hatukuhitaji kuambiwa."

Mkuu wa ukumbi alimsikiliza Jicho ofisini, akavua miwani. Kisha akasema Jumamosi kuna igizo la saa kumi, wengi waliokuja kwenye ufunguzi huja kila mara, na atampa dakika tano kabla halijaanza. Akaongeza kwamba na yeye ana lake la kujibu, maana siku ile aliuliza swali moja akaridhika na jibu la kwanza.

Jumamosi Jicho alipanda jukwaani na nguo zake za kazi, kwa kuwa aliona haya kuvaa suti. Ukumbi ulijaa. Alimwona dada yake mstari wa mwisho, na kando yake Taratibu, kofia magotini. Taa zikampiga usoni. Akasema yeye ni fundi rangi, na kwamba miaka miwili iliyopita katika ukumbi huu alimwita mtu mwaminifu mwizi.

Watu wakatabasamu. Alipoonyesha ukuta na kusema ulikuwa umegeuka kahawia, mtu akacheka. Aliposema, "Nilijivuna kwamba nina jicho, kumbe nina kiburi," ukumbi mzima ukaangua kicheko na makofi, na mwanamke mmoja mbele akamwambia mwenzake kwamba mzee huyu anaigiza vizuri kweli. Walidhani igizo limeanza.

Jicho akasimama pale, jasho likimtiririka mgongoni. Alijaribu kusema kwamba si mchezo. Wakacheka zaidi, maana hivyo ndivyo waigizaji wanavyosema. Machozi yalimtoka bila kuitwa, na mtu akapiga mluzi wa kumpongeza. Alitazama mstari wa mwisho. Dada yake alikuwa amefunika mdomo. Taratibu hakucheka wala hakugeuza uso. Alimtazama vilevile kama siku ile, akisubiri sentensi iishe.

Basi Jicho akaimaliza. Alieleza nani alichanganya rangi, nani alishauri ijaribiwe kwenye taa na nani alimcheka. Alieleza ndoo na mfereji. Akamtaja Taratibu, kwa jina lake la mtaani na kwa lile la nyumbani, ili asije akachanganywa na mwingine. Mahali fulani katikati vicheko vilianza kupungua, kama mvua inavyoacha bati, tone hapa, tone pale. Mkuu wa ukumbi akapanda akasimama kando yake, akawaambia watu kwamba huyu si mwigizaji, na kwamba yeye mwenyewe alikuwepo siku ile na hakuuliza zaidi.

Kimya kilichofuata kilimwuma Jicho kuliko kicheko. Baadhi ya watu waliinamisha vichwa. Mzee mmoja alinong'ona akiuliza ni ukuta gani hasa, na mwenzake akamjibu hakumbuki. Ndivyo ilivyokuwa: wengi hawakukumbuka tena. Jambo lililomtoa mtu kazini na kumpeleka tanuruni, kwao lilikuwa uvumi wa mchana mmoja. Jicho akashuka kwa ngazi za pembeni.

Nje, karibu na geti, Taratibu alimsubiri. Hakumpa mkono, lakini hakuondoka.

"Walicheka," Jicho alisema.

"Nimeona."

"Nilitaka kushuka."

"Hilo pia nimeliona," Taratibu alisema. Akavaa kofia yake. "Hukushuka." Kisha akamfuata mkewe aliyekuwa ametangulia barabarani.

Mambo hayakurudi kama zamani, na asikudanganye mtu kwamba hurudi. Mkuu wa ukumbi alimpa Taratibu kazi ya kupaka mandhari ya maigizo, miti na milima ya mbao, na binti wa taa akawa anamwashia kila rangi kabla hajaimaliza. Akaacha matofali. Jicho alipomtumia salamu kwamba angependa wafanye kazi pamoja tena, jibu lilirudi kwa upole: hapana, shemeji, asante. Hakuuliza mara ya pili. Aliona hana haki hata ya kuumia kwa jibu lile, ingawa aliumia.

Yeye mwenyewe aliendelea na kazi, ila kidogo. Mtu akimsifu, aliinama kutafuta kitu kwenye mfuko wa vyombo. Na mtu akikumbushia ile hadithi ya fundi mwizi, kwa maana bado ilisimuliwa barazani, alimkatiza na kuisimulia upya toka mwanzo, na kila alipofika penye mfereji hakuruka hata neno, kama mara ya kwanza.

Dada alianza kumtembelea, kwanza kwa dakika chache, mkoba ukiwa begani. Siku moja alikaa, akanywa chai, na alipokuwa anaaga akatoa karatasi iliyokunjwa. Alisema mume wake anatengeneza msitu kwa ajili ya igizo jipya, na kijani chake kinazama taa zikififia. Anauliza kama kuna njano isiyokuwa na wekundu, na inauzwa wapi.

Jicho akaisoma karatasi mara mbili. Mwandiko ulikuwa uleule, wa polepole, kila herufi imesimama peke yake. Akachukua kalamu, akaandika jina la njano na duka, na chini yake akaandika kwamba hana hakika, ni afadhali aijaribu kwanza kwenye taa. Alitaka kuongeza neno jingine. Kalamu ikakaa juu ya karatasi kwa muda, dada akingoja. Mwishowe akaikunja ilivyokuwa, akampa.